Mshonaji wa Koboko Aliyeitupa Tano

Habari ilinifikia kwa redio, kama zinavyotufikia habari nyingi za vifo hapa Arua, saa ya matangazo, baada ya bei ya maharage na kabla ya muziki. Nilikuwa nanyoa ndevu. Mtangazaji alitaja jina la mwanamke mmoja wa Koboko, fundi cherehani, akasema ni binti wa marehemu askari fulani, mjane wa fulani na dada wa fulani, amefariki baada ya kuugua, mazishi ni leo baada ya swala ya alasiri. Wanaume watatu katika tangazo la kifo cha mwanamke mmoja, na juu yake mwenyewe hawakusema lolote ila kwamba alishona na sasa hayupo. Nilijikata kidevu. Nakiri kwamba nililia, na nakiri pia kwamba hasira ilitangulia machozi. Nyinyi mnaoisoma safu hii mnanijua, sipendi kumzika mtu kwa maneno ya kuazima. Nimechelewa wiki tatu kuandika kwa sababu kila nilipoanza nilijikuta natukana. Leo nimetulia kiasi. Sitamtaja jina, maana jina lake ni la watu wa nyumbani kwake, lakini nitasema alichokifanya, kwa sauti, ili asiwepo wa kusema hakusikia. Alitupa tano. Mnaocheka, ngojeni kidogo.

Nilimfahamu kwa sababu ya suruali. Nilikwenda Koboko kuandika juu ya bei ya muhogo, nikachaniwa suruali gotini na msumari wa benchi sokoni, nikaelekezwa kwa fundi aliyekaa barazani kwake kando ya njia ya soko, akishona sare za shule. Alitazama goti, akatazama uso wangu, akasema, "Vua." Nikamuuliza nivae nini. Akanirushia kitenge. Basi nikaketi pale na heshima yangu yote ya mwandishi wa gazeti, nimejifunga kitenge cha maua, watu wakipita na kunisalimu kwa kicheko. Kwenye benchi kando yangu palikuwa na ubao mrefu wa mvule uliotobolewa matundu mengi kwa msumari wa moto, na ndani ya matundu vijiti vinne vilivyokatwa kwenye spoki za baiskeli. Nikauliza ni nini. Akasimamisha cherehani. "Hii iko kribi," akasema. "Wewe mutu ya gazeti, hapana jua kribi? Sogea." Suruali yangu ilingoja mpaka jua likainama. Nilipigwa mara nne.

Kribi, au kribeji kwa jina lake refu, ni mchezo wa karata ambao baba zao waliupata jeshini zamani za Wazungu, wakaurudisha nyumbani pamoja na blanketi na mapafu mabovu. Wachezaji ni wawili. Kila mmoja hupewa karata sita, hubakiza nne, na mbili huzitupa kifudifudi pembeni. Hizo nne zilizotupwa, mbili zako na mbili za mwenzako, huitwa stoo, na stoo ni mali ya yule aliyegawa karata; mgao unaofuata, zamu hubadilika. Hutafuta jozi, hutafuta karata zinazofuatana, na zaidi ya yote hutafuta karata zinazojumlisha kumi na tano. Jozi ni pointi mbili, kila kumi na tano ni mbili, na zinazofuatana ni moja kwa kila karata. Kila pointi ni tundu moja kwenye ubao, na anayemaliza ubao kwanza ndiye mshindi. Sasa sikilizeni hapa. Kumi, jeki, malkia na mfalme, ambao Koboko huitwa wakubwa, wote huhesabiwa kumi, na wako kumi na sita ndani ya pakiti. Kwa hiyo karata ya tano ni dhahabu, maana ikikutana na mkubwa yeyote tayari ni kumi na tano. Mimi siku ile, kwa ujinga wangu, nilimtupia tano ndani ya stoo yake. Aliifunua, akaishika kwa vidole viwili na kunionyesha. "Asante sana, mutu ya gazeti. Mama yako alikulea vizuri. Tupa ingine."

Utadhani basi kwamba somo ni rahisi, usitupe tano. Ndivyo walivyoamini Koboko nzima, na kumbe hapo ndipo penye mkasa. Baba yake, kijana wa jeshi wakati ule, alifundishwa na sajenti mmoja Mzungu aliyewaambia kuruti wake mambo mawili: wakubwa nje, na tano haitupwi kamwe. Kuruti walipiga saluti. Wakarudi kwao Koboko, wakawafundisha watoto wao yale mawili kama walivyofundishwa, kwa sauti ileile ya gwaride, na watoto wakawafundisha wengine. Aliyetupa tano alizomewa. Aliyeshika wakubwa aliambiwa ana tamaa. Hakuna aliyeuliza kwa nini, kwa sababu amri haiulizwi, na nyumba zile zilikuwa nyumba za askari. Hata chai ilinywewa kwa zamu. Fundi yule alikaa miguuni pa baba yake tangu utoto, akisogeza vijiti, mpaka mikono ya mzee ilipoanza kutetemeka, naye akawa ndiye anayemshikia karata. Mzee alipofariki ubao ulirithiwa na kaka yake mkubwa, ingawa wachezaji walibaki palepale kwenye baraza ya mzee, kando ya cherehani, na dada akaendelea kuketi benchini kila alasiri baada ya kazi, mwanamke pekee kati ya wanaume wanane. Aliniambia waziwazi kwamba saa ile moja ndiyo iliyomfanya avumilie saa nyingine zote. Mume alikuwa amekufa, watoto wameolewa na kuhama, macho yameanza kuchoka kwa uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi. Benchini alicheka, benchini alimsikia baba yake.

Lakini alikuwa fundi, na fundi hakati kitambaa kabla ya kujua ni cha nani. Alianza kujiuliza kwa nini atupe kwa namna ileile stoo ikiwa yake na stoo ikiwa ya mwenzake. Akachukua kopo la maziwa ya unga, akaliweka chini ya cherehani. Kila alipogawa yeye na stoo ikawa yake, aliangalia mwenzake ametupa nini humo. Ikiwa ni mkubwa, alitia harage ndani ya kopo. Ikiwa ni karata ndogo, alitia punje ya mahindi. Hakumwambia mtu. Mvua zikaja zikaisha, zikaja tena. Siku alipolimwaga kopo lile juu ya meza ya kukatia, alinipigia simu Arua, nami nikadhani kuna msiba. "Njoo uone," akasema. Nilikwenda. Rundo la maharage lilikuwa mlima, na mahindi yangetosha kifaranga mmoja. "Wewe naona?" akaniuliza. "Hawa watu kila siku nasema wakubwa nje, wakubwa nje. Nje iko wapi? Iko ndani ya stoo yangu! Wakubwa nakuja kwangu wenyewe, na mimi nashika tano mkononi kama mujinga. Kama stoo iko yake, tano hapana tupa, hata kwa bunduki. Kama iko yangu, naiweka pale, inangoja wageni."

Nikamuuliza, je, yule sajenti hakulijua hilo? Akacheka mpaka akakohoa. "Alijua. Sasa alikuwa nacheza na nani? Na kuruti wake. Nani nafundisha adui yake kila kitu?" Nimelibeba neno hilo tangu siku ile. Alinifundisha pia mpangilio wake wote, na nauandika hapa kwa sababu sidhani kama kuna mahali pengine umeandikwa. "Kwanza angalia stoo iko ya nani. Halafu angalia ubao, nani iko karibu kumaliza. Karata zako angalia mwisho." Stoo ikiwa ya mwenzako, alisema, mpe karata zisizopatana, kama mfalme na sita, zisizokaa jirani wala kufanya kumi na tano, usimpe jozi, usimpe saba na nane, na tano usimpe hata akikuomba kwa machozi. Stoo ikiwa yako, zile ulizomnyima yeye ndizo ujipe mwenyewe. Na kama mwenzako amebakiza matundu machache, usijenge nyumba ya ndoto, shika zile zitakazokutoa leo. Nilipomwuliza itakuwaje wenzake wakigundua na kuacha kutupa wakubwa, alinijibu bila kuinua macho kutoka kwenye sindano, "Siku hiyo na mimi nabadilisha."

Hawakugundua, walikasirika tu. Alianza kutupa tano ndani ya stoo yake na kushinda, na kila aliposhinda walisema ni bahati. Wiki ya pili walisema ni dharau. Wiki ya tatu kaka yake alisimama, akafunika ubao kwa gazeti (natumaini halikuwa lenye safu yangu), akasema, "Kwa ubao ya baba, iko sheria ya baba. Wewe hapana taka sheria, kaa kwa cherehani yako. Benchi iko ya wanaume." Niliwahi kumwona mwanamke yule akiwa mgonjwa, niliwahi kumwona akiwa na njaa ya Ramadhani na wateja kumi mlangoni, lakini sijawahi kumwona kama jioni ile aliponisimulia. Hakulia. Alikuwa anabonyeza pedali ya cherehani bila kitambaa chochote chini ya sindano. "Wananinyima baba yangu," akasema, kisha akaenda kwa kaka yake na kumpa neno lake: mchezo mmoja, wao wawili, mbele ya watu. Akishindwa, hataugusa ubao ule mpaka kufa kwake. Akishinda, benchi ni ya yeyote anayejua kucheza, mwanamume au mwanamke, na hakuna wa kumwamrisha mwenzake atupe nini. Kaka alikubali haraka mno. Yeye ndiye aliyekuwa bingwa wao.

Nilikuwapo Jumamosi ile, nimesimama nyuma ya bega la dada, na mnaoamini kwamba mwandishi hana upande mnisamehe. Baraza ilijaa. Kaka alicheza vizuri, lazima niseme kweli, na karata zilimpenda. Ilipofika mgao ambao wote tulijua ni wa mwisho, yeye alikuwa amebakiza matundu kumi na sita na dada ishirini na saba. Ishirini na saba katika mgao mmoja ni jambo la kusimuliwa, si la kutegemewa. Kitu pekee alichokuwa nacho dada ni kwamba alikuwa anagawa yeye, stoo ni yake. Lakini anayegawa huhesabu wa mwisho. Kaka akifika kumi na sita kwanza, mambo yamekwisha. Akagawa. Nikachungulia karata zake sita. Saba mbili, nane mbili, tano mbili. Sheria ya baba inasema ashike tano zake. Akizishika, atabaki na pointi nne mkononi. Akizishika saba na nane, kila saba na kila nane hufanya kumi na tano, na jozi mbili juu yake, jumla kumi na mbili. Wazee waliokuwa nyuma yetu waliziona zile tano, mmoja akanong'ona, "Aii, mama, usifanye." Dada alizivuta tano zote mbili, akaziweka ndani ya stoo yake taratibu, kama anayelaza mtoto. Kaka naye akatupa mbili zake. Akakata pakiti, dada akafunua karata ya juu ambayo wote wawili huihesabu. Ilikuwa mfalme.

Wakashusha karata moja moja mezani, maana hata kushusha kuna pointi zake, kila mtu akapata matundu matatu. Kaka akahesabu mkono wake kwa sauti, akigonga kidole: mbili, tatu, tatu, nne, pamoja na yule mfalme. Kumi na mbili. Akasogeza kijiti, akafika tundu moja kabla ya la mwisho. Alibakiza moja. Moja tu! Watu walipumua kwa pamoja. Dada akahesabu kumi na mbili zake, akabakiza kumi na mbili nyingine, na stoo bado imelala kifudifudi. Akaifunua karata kwa karata. Tano. Tano. Halafu zile za kaka: kumi, na malkia. Wakubwa nje. Alizipanga kando ya mfalme na hakuna aliyehitaji kuhesabiwa, maana kila tano ilikutana na wakubwa watatu. Hiyo peke yake ni kumi na mbili, na jozi ya tano ikabaki bila kazi. Kijiti cha spoki kikatoka mwisho wa ubao. Kaka alizikusanya karata zake. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ya mtu aliyeumia kweli, "Baba hapana fundisha wewe hivi." Naye akamjibu, "Baba alifundisha mimi kuhesabu, kaka. Hii ndiyo hesabu." Kaka alitimiza neno lake. Wiki iliyofuata muuza nyanya aliketi benchini, na baada yake mkunga, na baada yake binti wa mkunga.

Wahenga walisema mkataa wengi mchawi. Mimi nasema wahenga hao walikuwa wengi, ndiyo maana. Siku ya mazishi nilifika Koboko nikiwa nimechelewa udongo lakini sikuchelewa maneno. Chini ya turubai la waombolezaji mzee mmoja, mstaafu, mwenye sauti iliyozoea kusikilizwa, alikuwa anasema kwamba marehemu alikuwa mkaidi, Mungu amsamehe, alishinda kwa bahati siku moja na akaharibu utaratibu wa baba yake, na sasa kwa kuwa ameondoka, ni vizuri benchi lirudi kwa wenyewe na tano irudi mkononi. Wengine walitikisa vichwa kukubali. Wanawake waliokuwa upande wa pili wa turubai walinyamaza, na mkunga aliinamisha uso. Mimi ni mgeni pale, na mgeni katika msiba hula na kunyamaza. Sikunyamaza. Nilimwambia mzee kwamba nimeliona kopo la maharage kwa macho yangu, na kwamba mtu aliyetafuta ukweli punje kwa punje hastahili kuitwa mwenye bahati na watu ambao hawajawahi kuhesabu chochote isipokuwa vyeo vyao. Nilisema zaidi ya hayo. Sijuti.

Aliyenyamazisha ugomvi alikuwa kaka. Amezeeka, anatembea kwa fimbo, alikuwa ameshikwa mkono kutoka makaburini. "Bahati?" akasema. "Mimi nimecheza na yeye miaka yote hii. Bahati iko nachoka. Yeye hapana choka." Mzee mstaafu akataka kujibu, kaka akainua fimbo. "Ngoja. Mimi nilijua iko kweli hata kabla ya ile Jumamosi. Nilikuwa nahesabu kichwani, naona iko kweli. Nilifunika ubao kwa sababu niliogopa. Kama baba alikosea kwa tano, alikosea wapi tena? Nani nitauliza? Amekufa." Akaishusha fimbo. Kisha akageuka upande wa wanawake. "Benchi iko wazi. Mwenye kujua kucheza, akae."

Niliporudi Arua nililala siku mbili na swali lile la kaka. Nyumbani kwetu Ayivu, kati ya shamba la muhogo la baba na kijito, kuna kipande kizuri cha ardhi ambacho hakijalimwa tangu nizaliwe. Babu aliamriwa na chifu wa wakati ule akiache wazi, kwa sababu mkuu wa wilaya akipita hupiga hema pale. Chifu amekufa, wakuu wa wilaya wa namna ile wamekwenda zao, mahema yameoza, na baba yangu alitulisha nusu tumbo mwaka wa ukame huku akifyeka majani ya kipande kile ili kiwe safi kwa mgeni asiyekuja. Nilimpenda baba. Nilikuwa nikidhani kukilima ni kumtukana. Sasa nadhani tulikuwa familia nzima tunamlinda mtu ambaye hakuwahi kuwa wa upande wetu, na tukaita jambo hilo heshima. Juzi nimepeleka majembe. Majirani wamesema, na shangazi yangu amekasirika, hajapokea simu yangu mpaka leo. Maharage yatakwenda pale, na mtama kandokando. Nyinyi mliorithi amri, kazini, nyumbani, jeshini, kanisani au msikitini, sikuombeni mzivunje zote. Nyingine ni za kweli, na yeye mwenyewe alikufa bila kumtupia adui tano hata moja. Nawaomba muulize kitu kimoja kabla ya kutii: aliyeitoa amri hii, ubaoni aliketi upande gani? Ukikuta aliketi ng'ambo, akikutazama karata, huna deni naye la utii. Itupe.